Halmai Ödön, Aliyekataa Kusema Sawa

Wasifu wa marehemu, unaosomwa na binti yake, Halmai Emőke, katika makaburi ya Sárkút, Jumamosi tarehe 19 Februari 2011

Waliopokea getini karatasi ya rangi ya maziwa, yenye nembo ya Klabu ya Mbio za Farasi ya Nyárhalom, wanaombwa waikunje na kuitia mfukoni. Ile si wasifu wa marehemu. Imemzaa mwaka 1933, imemwozesha mwanamke anayeitwa Boriska, na katika mstari wa kumi na moja imesema alizitumikia mbio "kwa uaminifu mkubwa, licha ya kosa la mizani la mwaka 1987." Familia haikuulizwa. Wasifu wa marehemu ni huu ulio kwenye karatasi nyeupe, uliochapwa kwa mashine ya shule ya msingi ya Sárkút, na makosa ya chapa yaliyomo ni ya familia yenyewe.

Halmai Ödön alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Novemba 1931, hapa hapa Sárkút, katika nyumba ya pili baada ya kisima cha kanisa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Gergely, mtunza farasi katika mazizi ya kabaila wa zamani, na Bibi Rozál, aliyefuga mabata bukini na kuwanenepesha kwa mahindi kwa ajili ya soko la Jumamosi. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alimpeleka sokoni amshikie bata mmoja mkubwa, na mke wa daktari akaja kununua. Bata akawekwa kwenye mizani. Mke wa daktari akatoa pochi. Ödön akasema, "Mama, huyu kala nusu kilo ya mahindi saa kumi na mbili asubuhi. Ukimpima jioni hatakuwa hivi." Bibi Rozál alimzaba kibao mbele ya soko zima. Marehemu alikisimulia kibao hicho hadi uzeeni, na kila mara alisema kilikuwa cha haki, maana mama alikuwa na vinywa vitano vya kulisha, ila bata naye alikuwa na nusu kilo ya mahindi.

Alisoma madarasa sita katika shule ya kanisa, kwa mwalimu ambaye Jumapili alipiga kinanda na siku nyingine alipiga wanafunzi. Mwaka 1946, akiwa na miaka kumi na minne na kilo thelathini na saba, alichukuliwa Nyárhalom kujifunza upandaji wa farasi wa mbio. Alipanda kwa miaka mitatu na akashinda mbio nne. Kisha mifupa yake ikamsaliti. Ndani ya majira mawili ya baridi alirefuka hadi suruali zikawa kaptula, na mkufunzi wake akamwita kando akamwambia, "Ödön, mwanangu, ukiendelea hivi farasi atakimbia na wewe utakuwa unatembea juu yake." Alilia siku mbili. Siku ya tatu alienda kuomba kazi yoyote itakayomweka karibu na farasi. Alirudi rasmi baada ya kulitumikia jeshi, tarehe 1 Aprili 1953, akiwa msaidizi katika chumba cha mizani. Mwaka 1961 akawa msimamizi wa mizani mwenyewe, na wapanda farasi wakambatiza jina la Mzee Gramu, ingawa alikuwa hajafika hata miaka thelathini.

Kazi ya mizani haina siri. Kabla ya mbio, mpanda farasi hupimwa akiwa amekumbatia tandiko lake. Akipungua, vipande vya madini ya risasi hutiwa katika mifuko ya tandiko mpaka uzito ufike. Baada ya mbio hupimwa tena, kabla hajaguswa na mtu, kabla hajala wala kunywa, kabla hajabusiwa hata na mama mzazi. Uzito ukilingana, msimamizi wa mizani hutamka neno moja, "Sawa", kengele hulia, na matokeo yanakuwa matokeo. Asipolitamka, hakuna mshindi, hata kama farasi ameshavishwa maua shingoni. Watu elfu ishirini husimama na tiketi mkononi wakimngojea mtu mmoja afungue kinywa. Marehemu hakujivunia uwezo huo na wala hakuuogopa. Aliutumia kila Jumapili kwa miaka ishirini na sita, kisha akaenda nyumbani kula.

Aliyempikia alikuwa Sipos Borbála. Walikutana katika kantini ya klabu, ambako Borbála alikuwa na kazi ya ajabu ya kuwapikia watu wasioruhusiwa kushiba. Alioka mikate ya kuviringisha yenye mbegu ndogo nyeusi za popi, na wapanda farasi walikuja kusimama dirishani wanuse tu, wengine machozi yakiwalenga. Ödön ndiye pekee katika chumba cha mizani aliyeruhusiwa kula, naye alikula vipande vinne kila siku kwa miezi saba kabla ya kusema lolote la maana.

"Wewe umezoea kupima watu," Borbála alimwambia alipoposwa. "Mimi kwenye kile kidude chako sipandi."

"Wewe nakupeleka nyumbani tu," alijibu.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Mei 1958, katika kanisa lile linaloonekana kutoka hapa, na Mungu akawajalia watoto wawili, Bulcsú mwaka 1960 na Emőke mwaka 1964. Walikaa pamoja miaka hamsini na miwili na miezi tisa kasoro siku saba. Borbála amesema ziandikwe na hizo siku saba zilizopungua, kwa sababu mumewe angeuliza.

Sasa inabidi kusema jinsi mbio zinavyoendeshwa Nyárhalom, ingawa kila aliyesimama hapa anajua na wengi wanajifanya hawajui. Klabu ndiyo inayopanga kalenda ya mbio. Klabu ndiyo inayoteua waamuzi wa mbio hizo. Klabu ndiyo inayotoa leseni za wakufunzi na wapanda farasi, leseni zinazokwisha kila mwaka siku ya mwisho ya Februari, na asiyependeza husubiri sahihi hadi miti ichipue. Klabu ndiyo inayotunza Kitabu cha Nasaba, ambamo kila farasi wa mbio huandikwa baba yake, mama yake na alichoshinda, na farasi asiyeandikwa humo ni wa kuvuta mkokoteni. Ukidhulumiwa na klabu, unakata rufaa kwa klabu. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mwaka 1987 katibu wa klabu alikuwa Ndugu Fodor Lóránt. Mwaka 1989, utawala wa chama ulipoanguka, alilala ndugu akaamka bwana, na tangu siku hiyo yeye ndiye Bwana Mwenyekiti. Ameahidi kuhudhuria mazishi haya, na shada lake limefika tangu jana, kubwa kuliko jeneza.

Jumapili, tarehe 19 Julai 1987, zilikimbiwa mbio za Tuzo Kuu ya Nyárhalom. Hizo ni mbio za farasi wa miaka mitatu. Farasi huwa na miaka mitatu mara moja tu, kwa hiyo akidhulumiwa siku hiyo, amedhulumiwa moja kwa moja. Aliyetazamiwa kushinda ni Délibáb, dume la zizi kubwa la serikali, ambalo mlezi wake, waziri mmoja, alikuwa amekaa jukwaani na mkewe. Aliyempanda ni Vidra Jenő, mpanda farasi bora wa miaka ile. Nyuma yao kulikuwa na Kökény, jike dogo jeusi la ushirika wa hapa Sárkút, lililofunzwa na Csete Boldizsár katika uwanja uliokuwa shamba la viazi. Délibáb alimshinda Kökény kwa urefu wa shingo. Jukwaa lilisimama na bendi ikaanza kupiga.

Vidra alipanda mizani na tandiko lake. Uzito uliotakiwa ni kilo hamsini na nane, na sheria husamehe nusu kilo. Mizani ilisoma hamsini na sita na nusu, na gramu mia juu yake. Marehemu alimshusha, akaifuta sahani ya mizani kwa kitambaa, akampandisha tena. Ilisoma vilevile. Vidra alikuwa anaangalia ukutani.

Hapo ndipo alipoingia Ndugu Katibu Fodor. Alikuwa na chupa ya maji ya soda mkononi, zile za kibonyezo, lita moja kamili.

"Hebu mpe kijana anywe kwanza," alisema. "Jua kali, anakaribia kuzimia."

"Akishapimwa atakunywa," alisema Ödön.

"Ödön, kuna waziri jukwaani."

"Waziri hakukimbia. Hana haja ya kupimwa."

Fodor alibonyeza chupa mwenyewe, glasi moja baada ya nyingine, na Vidra akanywa zote akiwa amesimama, maji yakimchirizika kidevuni. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hata mtoto wa darasa la pili anajua. Vidra alipanda mizani kwa mara ya tatu, nayo ikasoma hamsini na saba na nusu, na gramu mia juu yake. Hesabu ya Fodor ilikuwa safi. Ndiyo hesabu safi pekee aliyowahi kuipigia klabu.

"Haya," alisema. "Tamka."

"Ndugu Katibu," alisema Ödön, "mimi hapa nampima mtu aliyekimbia. Huyu ni mwingine. Huyu ana lita moja zaidi."

"Nimesema tamka."

"Umesikia nilichosema."

Nje watu walikuwa wameanza kupiga miluzi. Fodor alichukua kipaza sauti cha chumba cha mizani, akasema "Sawa" kwa sauti yake mwenyewe, na kengele ikapigwa. Kwa hiyo walioisikia "Sawa" ile, na wengi wao wako hapa leo, wajue kwamba haikuwa ya marehemu. Marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, akiandika katika daftari la mizani, kwa mwandiko wake wa kulala kulia: "56.6. Mara mbili. Kisha maji."

Csete Boldizsár alikata rufaa. Waamuzi watatu, wote walioteuliwa na klabu, walikaa dakika ishirini, wakaona kwamba mizani ilikuwa na hitilafu "kutokana na uzembe wa msimamizi wake." Jumatano iliyofuata, mkaguzi wa mizani wa mji alikuja na mawe yake ya shaba, akayapanga moja moja, akaikuta mizani haijapotoka hata gramu moja. Aliandika cheti. Cheti kilipokelewa na ofisi ya katibu, na tangu hapo hakuna aliyekiona, au ndivyo ilivyosemwa.

Marehemu aliondolewa chumba cha mizani, akapelekwa nyuma ya mazizi kupima majani makavu ya farasi. Watu walidhani atajiuzulu. Hakujiuzulu. Aliyapima majani kwa miaka mitatu kama alivyowapima wapanda farasi, na mwuza majani mmoja aliyezoea kuyamwagia maji ili yawe mazito alihamia mji mwingine. Mwaka 1990 alipunguzwa kazini. Aliajiriwa na ushirika kwenye kituo cha kununulia matikiti, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwaka 1993. Baa ya Sárkút nayo haikumwacha. Kulikuwa na watu, wamo humu na makoti yao meusi, ambao kwa miaka mingi hawakumwona akipita bila kumwuliza, "Mzee Gramu, mizani imepona?" Aliwajibu mara zote, "Haikuugua." Hawakuchoka na yeye hakuchoka.

Wasifu huu hautamsamehe binti yake pia. Emőke, anayeusoma, alikuwa na miaka ishirini na mitatu siku ile ya Tuzo Kuu, na aliwaambia rafiki zake kwamba huenda macho ya baba yameanza kuchoka. Mwaka 1989 Fodor alimpa kazi ya uandishi wa Kitabu cha Nasaba, ili watu waone kwamba mwenyekiti hana kinyongo, naye akaipokea, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri na aliwapenda farasi. Mwaka 1994, akitafuta hati ya punda dume mmoja aliyeingizwa kimakosa, alifungua faili lisilokuwa lake, akakikuta cheti cha mkaguzi wa mizani. Alikisoma mpaka mwisho. Alikirudisha alipokikuta, akafunga kabati, akaenda kula. Jioni ile baba yake alimwuliza kazi imekwendaje, naye akasema salama. Alinyamaza miaka kumi na saba. Hana la kujitetea, na halitafuti.

Marehemu alikuwa na afya njema hadi Jumatatu, tarehe 24 Januari mwaka huu, alipoanguka uani akiwa na ndoo ya maji ya kuku. Ilikuwa kiharusi. Alipelekwa hospitali ya wilaya, upande wa kulia ukiwa hausogei, akili na ulimi vikiwa vizima kabisa, jambo ambalo wauguzi walilijua mapema, kwa kuwa aliwaambia mizani ya wodini inazidisha gramu mia mbili. Waliipeleka ikaangaliwe. Ilikuwa inazidisha gramu mia mbili.

Alhamisi, tarehe 3 Februari, Emőke aliitwa ofisini kwa Mwenyekiti. Klabu inatimiza miaka mia na ishirini na mitano mwezi wa Mei, na Mwenyekiti alitaka jina la kila msimamizi wa zamani lichongwe kwenye ubao wa marumaru mlangoni. Jina la Halmai Ödön lingechongwa, na angepewa Nishani ya Dhahabu. Kilichotakiwa ni sahihi yake chini ya karatasi iliyoitwa Kauli ya Maridhiano, yenye sentensi moja kuhusu hitilafu ya mizani. Emőke aliichukua karatasi hiyo. Aliipeleka hospitali kwa mkono wake, kwenye bahasha, pamoja na supu.

"Baba, ni mstari mmoja tu," alisema.

"Usome."

Aliusoma. Marehemu alikuwa anaangalia dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa bomba la moshi la jiko la hospitali.

"Kaandika nani?"

"Mwenyekiti."

"Kaleta nani?"

Emőke aliitua supu kando ya kitanda. "Nimeleta mimi, Baba."

"Basi kaa, mwanangu. Utakuwa umechoka kuibeba."

Alikaa. Kisha akasema yale ambayo angependa leo kuyarudisha kinywani. Alisema, "Tia sahihi, Baba, yaishe. Watu wanataka kukupa heshima na wewe unaikataa. Mimi nafanya kazi pale miaka ishirini na miwili, kila siku naangaliwa kama mtoto wa mtu aliyekosea."

"Na nilikosea?"

Hapo angeweza kusema habari za cheti. Alisema, "Sijui, Baba."

Familia inaamini kwamba marehemu alijua. Mtu aliyepima watu miaka thelathini na minne hujua nani kapungua. Lakini hakumwuliza zaidi. Alimwambia, "Mwambie Fodor mkono wa kulia umekufa. Wa kushoto haujui kuandika." Kisha akaomba supu, akaila yote, akasema imezidi chumvi.

Alifariki dunia wiki moja baadaye, Alhamisi, tarehe 10 Februari 2011, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono ule uliokufa. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tisa. Karatasi ya klabu ilikutwa kwenye droo ya kitanda, haina sahihi, imetumika kufunikia glasi ya maji.

Jumanne iliyopita, tarehe 15, saa za mchana, Vidra Jenő alibisha hodi nyumbani kwa Borbála. Siku hizi ana miaka hamsini na minane na ni mkufunzi wa farasi kumi na mmoja. Alivua kofia, akakaa jikoni, akakataa kahawa. Emőke alikuwepo, na Bulcsú. Borbála alimkatia kipande cha mkate wa popi.

"Kula, Jenő," alisema. "Wa kukupima hayupo tena."

Vidra alikishika kile kipande, hakukila. Alisema, "Mama Borbála, mimi nilijua. Hata kabla ya mbio kuanza nilijua. Tandiko lilikuwa jepesi. Nilikuwa nimepimwa vizuri, mzee kanitilia vipande vya risasi kwa mkono wake, halafu pale kwenye kuzungusha farasi Fodor akaja, akashika mkanda kama anaukaza. Akaniambia, 'Usitazame chini, Jenő.' Sikutazama. Alichomoa vipande viwili, gramu mia saba kila kimoja. Ni mimi niliyeshinda mbio zile nikiwa pungufu, na ni mimi niliyekunywa yale maji."

"Na kwa nini unasema leo?" aliuliza Bulcsú. "Jana ulikuwa huna ulimi?"

"Jana baba yenu alikuwa hai," alisema Vidra. "Ningemwangaliaje?"

Hakuna aliyemwonea huruma, na hakuna aliyemfukuza. Borbála alimwambia, "Mume wangu kapimishwa majani ya farasi miaka mitatu kwa ajili ya kiu yako." Vidra alisema anajua. Kisha akasema, "Andikeni jina langu kwenye karatasi ya mazishi. Andikeni na maneno yenyewe."

"Leseni yako inaisha tarehe ishirini na nane," alisema Emőke, ambaye huziona leseni zote zikipita mezani. "Unajua anayesaini ni nani."

"Najua. Nitauza mayai."

Ndipo alipoula mkate.

Marehemu ameacha mjane, Borbála. Mwana, Bulcsú, dereva wa treni mjini Szeged, na mkewe Katinka. Wajukuu wawili, Csenge na Lehel. Dada yake mdogo, Ágota, ambaye bado anafuga mabata bukini katika nyumba ya pili baada ya kisima. Na binti, Emőke, ambaye tangu jana hana kazi. Familia inawashukuru wauguzi wa wodi ya tatu, mwalimu mkuu kwa mashine ya kuchapia, na watunza farasi sita wa Nyárhalom walioomba ruhusa ya kubeba jeneza na kunyimwa, wakaja bila ruhusa. Hakuna mwingine wa kushukuriwa. Shada la klabu liko nje ya geti, mwenye nalo aondoke nalo.

Limebaki moja. Kitabu cha Nasaba kina sheria ya zamani kuliko Fodor, ambayo hajawahi kuweza kuigusa. Kilichoandikwa humo kwa wino na kupigwa muhuri hakifutwi. Anayetaka kifutwe sharti aitishe kikao cha wazi, wenye farasi wote waalikwe, na shahidi aliyetajwa kwenye mstari huo asikilizwe kabla ya mtu mwingine yeyote. Jana Ijumaa, saa tano asubuhi, Emőke, akiwa bado mwandishi halali wa kitabu hicho, aliufungua ukurasa wa Kökény, jike jeusi, aliyezaliwa 1984, akafa 2003, mama wa watoto tisa. Wote tisa wameandikwa kuwa wa mama asiye na ushindi mkubwa, na saba kati yao waliandikwa hivyo na mkono wa Emőke. Aliandika kwa wino: "Mshindi wa Tuzo Kuu ya Nyárhalom, 19 Julai 1987. Délibáb ameondolewa kwa upungufu wa uzito, kilo moja na gramu mia nne. Msimamizi wa mizani, Halmai Ödön. Shahidi, Vidra Jenő." Alipiga muhuri. Alikitoa cheti cha mkaguzi kabatini, akakibandika nyuma ya ukurasa. Ndipo akaandika barua ya kuacha kazi, kwa mpangilio huo na si mwingine.

Alipotoka alimpigia simu Csete Boldizsár, ambaye ana miaka themanini na sita na hasikii vizuri. Alimsomea mstari wote. 

"Soma tena," alisema Mzee Csete.

Alisoma tena, kwa sauti kubwa, barabarani, watu wakigeuka.

"Na nukta umeziweka? Zile mbili juu ya jina la Kökény? Maana wale hawakuwahi kuziweka."

"Nimeziweka, Mzee wangu."

"Basi nitakuja kesho," alisema. "Nitafutie pa kukaa karibu na Ödön."

Amewekewa kiti kando ya kaburi. Wengine wote watasimama.

Halmai Ödön apumzike kwa amani, ameshamaliza yake. Bwana Fodor, mstari ule ukikuudhi, utaratibu unaujua. Itisha kikao, nasi tutakuja wote.